Swali la Nne

Rönnsele, Jumatatu, 9 Septemba 2013

Joel wangu, mume wangu (niache niliandike tena neno hili, bado ni jipya mdomoni: mume wangu),

Leo ni wiki tatu na siku mbili tangu uniitikie mbele ya mchungaji, kwa sauti ndogo hata mama yangu, aliyekaa safu ya kwanza, akamnong'oneza dada yake, "Amekubali au amekohoa?" Mimi nilisikia. Nimeisikia tena asubuhi hii nikiosha vikombe, nikasimama kama mjinga, maji yanamwagika, natabasamu peke yangu.

Najua wenzetu wa mjini wangetucheka, maharusi wa siku hizi kuandikiana barua. Wacha wacheke. Tangu kampuni ya simu ikate waya zake na kung'oa nguzo, mtu akitaka kuongea na mumewe sharti apande mwamba wa Baba Mkubwa Algot, ainue simu juu ya kichwa, na baada ya dakika mbili sauti inakatika pale pale inapoanza kuwa tamu. Barua haikatiki. Gari la posta linapita mara tatu kwa wiki, na dereva ameshaujua mwandiko wako. Leo alipiga honi kabla hajafika.

Sasa sikia: mimi ni katibu! Jana kijiji kizima kilikutana ukumbini kuhusu mkongo wa intaneti. Mkoa uko tayari kutusaidia kuuvuta hadi hapa, lakini kwanza unataka upembuzi yakinifu: mkongo utapita wapi, nani atachimba, na je, watu wanauhitaji kweli. Baba Mkubwa Algot, mwenyekiti wetu, akauliza, "Nani ana mwandiko unaosomeka?" Kila mtu akaliangalia andazi lake. Kisha sauti ikatoka nyuma, "Si huyu mke wa Joel? Kila siku anaandika. Mkono umeshapata moto." Kicheko! Nikainua mkono kabla aibu haijaniwahi.

Sikuinua kwa ajili ya kijiji, nakuambia ukweli. Niliinua kwa sababu ya maneno ya mkuu wako wa kazi: ofisi ya Umeå inafungwa mwisho wa Agosti mwakani. Mwenye intaneti ya kasi nyumbani atachora ramani zake akiwa nyumbani, na asiye nayo atahamia Göteborg. Göteborg, Joel! Zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kitandani mwetu. Na kwa hii intaneti ya hewani tuliyo nayo, ramani yako moja ya msitu huanza safari wakati wa kahawa ya asubuhi, na wakati wa chakula cha jioni bado haijafika.

Kwa hiyo nimepanga. Mkoa ukikubali Februari, ardhi ikiyeyuka Mei tunachimba, Agosti mkongo unatoboa ukuta wa jikoni, na wewe unakaa kwenye meza ya marehemu bibi yako, unachora, nami napita nyuma yako nakubusu kisogo kila saa moja. Mara mbili, ukichora vizuri.

Wako, wako, wako,
Jonna


Umeå, 14 Septemba 2013

Jonna,

Barua imefika. Hapa si vibaya. Chumba nilichopanga kina dirisha, na jirani hupiga kinanda siku za Jumapili tu.

Hongera ya ukatibu. Kuhusu njia ya mkongo: usipite kinamasini. Mwaka tisini na nne trekta la Baba Mkubwa lilizama pale, na bado halijatoka katika mazungumzo. Fuata barabara ya zamani ya mikokoteni ya maziwa. Mwamba unaanzia karibu na kisima cha Bibi Hjördis. Hapo tia alama nyekundu kwenye ramani, maana hapachimbiki kwa sepetu. Pima kwa gurudumu, usikadirie kwa macho.

Ukienda kwa watu, usitaje mkongo kabla ya kikombe cha pili.

Nimejizoesha kulala upande mmoja wa kitanda, ule wa ukutani. Wa pili nimeuacha. Si vibaya.

Joel


Rönnsele, Ijumaa, 4 Oktoba 2013

Ee mume wangu mwenye maneno machache,

"Wa pili nimeuacha." Nimeusoma mstari huo mpaka karatasi imelegea. Unajua kwamba katika barua nzima hukuniambia kuwa unanipenda? Na unajua kwamba uliniambia?

Upimaji umekwisha! Tulisubiri kwanza msimu wa kuwinda upoe, maana wanaume wote walikuwa msituni, kisha siku nne nzima mimi na Baba Mkubwa, yeye akisukuma gurudumu la kupimia, mimi na daftari na mfuko wa vigingi vyekundu. Kilomita kumi na nne na mita mia sita. Tulipofika kinamasini nikashindwa kujizuia.

"Baba Mkubwa, ndipo hapa lilipozama trekta?"

"Nani kakwambia?"

"Joel."

"Joel alikuwa na miaka saba. Mwambie halikuzama. Lilikaa."

"Lilikaa mpaka lini?"

Akasukuma gurudumu hatua kama ishirini ndipo akajibu. "Mpaka Oktoba."

Na nyumba zote nimezipitia, thelathini na moja. Kwa sheria yako hiyo ya kikombe cha pili ni vikombe sitini na viwili, vingine na vipande vya jibini vikielea ndani, kama desturi ya huku, na moyo wangu sasa unadunda kama siku ya harusi. Wote wamekubali! Wenye mashamba wametupa njia. Volkmar, yule Mjerumani mwenye mbwa wa kuvuta sleji, amejitolea wiki mbili za kuchimba. Wakili wa Stockholm mwenye nyumba ya kiangazi ameahidi kuja na mashine. Wengine walinipa ile "ndiyo" yenu, ninyi watu wa kaskazini, ya kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyeungua na supu. Mwanzoni nilidhani wanaumwa. Hata Bibi Hjördis, jirani yetu, na miaka yake themanini na minne, alisema, "Mimi na hiyo intaneti hatutajuana. Lakini wachimbaji watakunywa kahawa yangu."

Jumatano alikuja mtaalamu wa Mkoa, Bwana Rutger Wijkmark, na viatu vyake visivyojua matope, akaikagua ramani yetu. "Kazi safi," akasema, nami nikatamani ungekuwepo umsikie. Kilichobaki ni fomu tu. Mkoa utamtumia kila mwenye nyumba fomu yake, moja kwa kila nyumba, na inajazwa kwa siri kama kura. Hata mimi katibu sina ruhusa ya kumwelekeza mtu. Nyumba ishirini na moja zikionyesha kwamba zina shida, tumepita. Ishirini na moja tu, laazizi! Nami nina ndiyo thelathini na moja.

Nimekufumia soksi. Ya kushoto niliifuma nikikuwaza sana, kwa hiyo imekuwa ndefu.

Jonna wako


Umeå, 12 Oktoba 2013

Jonna,

Barua imefika, na soksi pia. Ya kushoto ni ndefu kidogo. Inatosha.

Mwambie Baba Mkubwa kwamba maji yalifika kwenye taa. Niliona.

Wiki hii posta imeniletea rundo la barua zilizohamishwa kutoka nyumbani: bima, chama cha barabara, Mkoa. Nilikaa nazo mapumziko ya mchana, nikazijibu zote na kuzituma.

Mkuu wa kazi ametuonyesha picha za ofisi ya Göteborg. Ina lifti.

Nakuwaza. Si kila saa. Saa nyingi.

Joel


Rönnsele, Jumatatu, 18 Novemba 2013

Mpenzi wangu wa saa nyingi,

Theluji imeanguka siku tatu mfululizo, na vile vigingi vyetu vyekundu vimebaki vichwa tu. Ukisimama kwenye ngazi ya nyumba unaviona vinakwenda vimefuatana mpaka msituni, kana kwamba mtu ameshona kijiji chetu na dunia kwa uzi mwekundu. Kila asubuhi nasimama pale na kikombe changu nikivitazama. Hapo ndipo utakapopitia ukija.

Fomu zote zimekwisha kurudi Mkoani, dereva wa posta ameniambia (hakupaswa). Yetu sikuiona kabisa. Bila shaka ilifuata jina lako huko, kwa kuwa nyumba iko kwa jina lako. Usiniambie ulichojaza, ni siri ya serikali! Lakini nacheka peke yangu nikifikiri kwamba katika bahasha zote zile, moja naijua ndani kana kwamba niliijaza mwenyewe.

Jambo moja tu linanikereketa. Bibi Hjördis ananikwepa. Juzi nilimkuta kwenye masanduku ya barua. Aliponiona akaigeuza sleji yake ya kusukuma kwa mguu akaondoka, gazeti lake amelisahau. Pazia la jikoni kwake, lililokuwa wazi miaka yote, sasa limefungwa. Alhamisi nikienda kumhudumia, katika kazi yangu ya kuwauguza wazee majumbani, ananipa mguu nimfunge bandeji, lakini macho yote yako kwenye jiko. Nikamuuliza, "Bibi, nimekukosea?" Akasema, "Wewe? Hapana. Wewe hapana." Joel, nadhani amejaza kutukataa, naye anaona haya. Sitamchukia. Ila wazee wa namna yake kijijini ni kumi na tisa, nami nawafunga bandeji wote.

Niandikie kwamba ninajisumbua bure. Andika kwa herufi kubwa.

Jonna


Umeå, 26 Novemba 2013

Jonna,

Fomu niliijaza siku ile ile ilipofika.

Usimsumbue Bibi Hjördis.

Nitakuja na basi la tarehe ishirini na tatu Desemba. Usinisubiri barabarani, baridi itakuwa kali.

Joel


Ofisi ya Mkoa
Idara ya Maendeleo ya Vijijini
29 Januari 2014

Kwa Katibu, Chama cha Mkongo cha Rönnsele

YAH: UPEMBUZI YAKINIFU WA MTANDAO WA KIJIJI

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Tunakiri kupokea fomu zote 31, jambo ambalo ni nadra sana. Ramani ya njia, vipimo na ahadi za nguvu kazi vimekidhi vigezo vyote.

Hata hivyo, katika swali la nne (Je, huduma ya simu na intaneti uliyo nayo sasa inatosha?), nyumba 28 zimejibu "Inatosha" na nyumba 3 zimejibu "Haitoshi". Kigezo ni nyumba 21. Kwa kuwa msaada huu umetengwa kwa maeneo ambayo wakazi hawana huduma ya kutosha, na kwa kuwa wakazi wa Rönnsele wameonyesha kuridhika, upembuzi umefungwa. Maombi mapya yatapokelewa mwaka 2017.

Nachukua nafasi hii kuwashukuru wakazi kwa ushirikiano. Nyumba sita ziliandika pembeni, "Asanteni kwa kuuliza."

Rutger Wijkmark
Mtaalamu Mshauri


Rönnsele, Jumatatu, 3 Februari 2014

Joel, Joel,

Nimekuwekea nakala ya barua ya Mkoa. Isome umekaa.

Ishirini na wanane! Niliisoma kwenye masanduku ya barua, nikadhani wamekosea kijiji. Nikaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa, hata kofia sikuvaa.

"Baba Mkubwa, swali la nne ulijaza nini?"

"Vua viatu kwanza." Nikavua. "Nilijaza inatosha."

"Simu yako imekufa tangu mwaka juzi!"

"Imekufa, ndiyo."

"Ulipoanguka ghalani ulilala chini saa sita kwa sababu hukuweza kumpigia mtu!"

"Saa tano. Na kulikuwa na blanketi la farasi."

"Sasa kwa nini uandike inatosha?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyeharibikiwa akili. "Sasa binti, ulitaka niandike nini? Mtu wa ofisi ananiandikia kwa adabu zake, ananiuliza nilicho nacho kinatosha. Nimwambie hakitoshi? Kama mtoto anayelia mezani?"

"Lakini mkongo unautaka!"

"Nautaka sana. Sepetu nimeshainoa."

Niliitazama ile sepetu, Joel. Imeegemezwa mlangoni, inang'aa. Nikalia mbele yake, mbele ya sepetu na ya Baba Mkubwa, naye akanimiminia kahawa kwa sababu hakujua la kufanya zaidi.

Nyumba ya pili, ya tatu, ya tano, maneno yale yale. Gunvor wa mbuzi aliniambia, "Mimi nilidhani wenye shida kuliko mimi ndio watakaosema." Gunvor, ambaye akitaka daktari wa mifugo huendesha kilomita tisa ndipo simu ishike! Kila mmoja alimwachia mwenzake alalamike. Kwetu Malmö, kusini, watu huulalamikia mkate kabla hawajauonja. Ningejuaje? Miezi mitano nimepima mwamba, nimepima kinamasi, nimepima kila kitu isipokuwa ninyi.

Waliposikia matokeo waliumia, nawaonea huruma. Sasa kila mmoja anataka kumwandikia Bwana Wijkmark barua ya malalamiko, nami nimepewa kuzikusanya. Hii ni ya Baba Mkubwa, nzima kama ilivyo: "Samahani kwa kusumbua. Simu haifanyi kazi. Hakuna haraka. Algot." Ni mojawapo ya zilizo kali.

Waliosema haitoshi ni watatu, nami nawajua bila kuambiwa. Volkmar, kwa kuwa yeye akiulizwa hujibu. Wakili wa Stockholm. Na sisi. Nimejitanda hao watatu kama shali. Krismasi uliponyamaza kwenye meza ya bibi yako, ukizipapasa mbao zake, nilidhani unatafuta mahali pa kompyuta. Kumbe ulijua watu wa kwenu, uliogopa kuniambia. Lakini angalau wewe ulisema. Angalau nyumba yetu ilisema.

Mkuu wako anataka jibu lini? Muombe mwezi mmoja. Nitafanya jambo. Sijui jambo gani.

Jonna


Rönnsele, 6 Februari

Jonna mwanangu,

Nakuandikia ijapokuwa kutoka kwangu hadi kwako ni hatua arobaini, kwa sababu jambo hili siwezi kulisema nikitazamwa.

Fomu ilipokuja niliiweka chini ya birika siku tisa. Maisha yangu yote sijamwambia mtu kwamba kitu hakitoshi. Si miaka ya vita tulipokunywa kahawa ya magome, wala marehemu mume wangu alipokuwa akiniletea samaki wa urefu wa kidole. Mama yangu angenichapa. Kisha siku moja nikakuona dirishani, umesimama kwenye masanduku ya barua, mvua inakunyeshea, unasoma barua ya Joel. Ulicheka, ukaikunja, ukaifungua tena. Nikachukua kalamu ya wino nikatia alama kwenye Haitoshi. Kwa wino, ili kesho yake nisipate kufuta.

Tangu hapo nimeona haya kukutazama. Nilijiona kama niliyenung'unika mbele za watu. Yule bwana wa Mkoa hajanikosea kitu.

Sasa Algot amenieleza habari ya Volkmar na wakili, nikajua kwamba wa tatu ni mimi. Nilidhani sote tumefanya hivyo, na kwamba mimi ndiye niliyechelewa.

Alhamisi ijayo uje. Pazia nitalifungua.

Hjördis


Rönnsele, Jumatatu, 10 Februari 2014

Joel,

Volkmar. Wakili. Bibi Hjördis.

Nimehesabu kwa vidole, kisha nikapanga vikombe mezani nikahesabu vikombe. Watatu wametimia.

Sisi tuko wapi?

Jonna


Umeå, 15 Februari 2014

Jonna,

Nilijaza Inatosha.

Ilikuwa mapumziko ya mchana. Nilijaza ya bima, nikajaza ya chama cha barabara, halafu hiyo. Nilisoma swali, mkono ukajibu kabla yangu. Ndivyo tulivyolelewa. Ukiulizwa, inatosha. Nilizinduka njiani nikitoka posta. Nikarudi, sanduku lilikuwa limekwisha kufunguliwa na barua kuchukuliwa.

Ningeweza kuwapigia simu Mkoa. Nilishika simu mara mbili. Ningesema nini? Kwamba nimefikiri upya na sasa nalalamika? Nikajiambia nyumba moja haitaharibu, zipo thelathini nyingine. Inaonekana kila mtu alijiambia hivyo.

Krismasi nilitaka kukuambia. Ulikuwa umeshaipima meza.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya kujibu. Nimetia saini ya Göteborg. Naanza Septemba. Wewe una wazee wako, na nyumba unaipenda kuliko sisi tuliozaliwa humo. Siwezi kukuomba uiache. Nitakuwa na likizo Krismasi, na wiki nne za kiangazi. Inatosha kwa kuanzia.

Joel


Rönnsele, Jumatatu, 24 Februari 2014

Mume wangu,

Bado nakuita hivyo, na bado neno lina utamu. Hilo ndilo linaloniudhi.

Mkoa umejibu zile barua zetu ishirini na nane. Yaani ishirini na saba, maana yako haikuwemo. Bwana Wijkmark anasema ameguswa na uungwana wa wakazi, na kwamba jalada likishafungwa halifunguliwi. Nilikwenda hadi ofisini kwake, masaa matatu kwa basi. Alinikaribisha vizuri, akanipokea koti. "Nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini mimi nafuata walichoandika." Nikamwambia, "Hawakumaanisha." Akasema, "Mama, ningejuaje?" Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Maneno yake yalikuwa yangu.

Kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Nimetafuta, Joel. Nimetafuta kila nyumba. Kila mtu alikuwa na adabu.

Baba Mkubwa alitaka kwenda kuving'oa vigingi. Nilimkataza. Bibi Hjördis anafungua pazia sasa, na nikipita anainua kikombe.

Fomu nimekusamehe. Kijiji kizima nimekisamehe, ningekuachaje wewe? Lakini kuna mstari nisioweza kuumeza. "Siwezi kukuomba." Ungeniomba nije Göteborg, sijui ningejibu nini, naapa sijui. Ningefikiria mguu wa Bibi Hjördis, na wazee kumi na wanane wengine, na hili jiko lenye meza iliyopimwa. Pengine ningekuja. Pengine ningekataa, tukalia wote. Lakini hukuniomba. Ulichukua ndoa yetu ukaipa jibu lile lile ulilompa mtu wa Mkoa.

Basi nimekutengenezea fomu, kwa mwandiko unaosomeka. Ina swali moja tu. Bahasha ya kurudishia imo, na stempu nimebandika.

Swali la kwanza na la mwisho: Je, ndoa ya Krismasi na wiki nne za kiangazi inatosha?

Inatosha [ ]
Haitoshi [ ]

Tafadhali usijibu wakati wa mapumziko ya mchana.

Jonna


Umeå, 1 Machi 2014

Jonna,

Fomu ilifika Jumatano. Nimekaa nayo siku nne. Jirani amepiga kinanda leo, ijapokuwa ni Jumamosi, na sikugonga ukuta.

Haitoshi.

Sijui tufanye nini. Samahani kwa kusumbua.

Joel